Kumwandaa Farasi kwa Mbio za Masafa Marefu kwa Kipimo cha Uwezo Wake Mwenyewe

Ratiba za mazoezi ya farasi wa masafa marefu hazikosekani: wiki ya kwanza kilomita kadhaa, wiki ya nane maradufu yake, mwezi wa nne au wa tano mashindano. Hata hivyo, wape farasi wawili wa umri mmoja na wa mbegu moja ratiba hiyohiyo, na mara nyingi utaona mmoja akiimarika huku mwenzake akianza kuchechemea, kubakiza chakula au kusita kutoka bandani. Ratiba ya aina hii hutungwa kwa ajili ya farasi wa wastani, na farasi wa wastani hayupo katika banda lolote. Anayetaka kumwandaa farasi wake vizuri hana budi kuelewa ni nini hasa kinachojengwa mwilini wakati wa mazoezi, kinajengwa kwa kasi gani, na ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba farasi huyu, si mwingine, yuko tayari kuongezewa mzigo.

Mashindano yenyewe hukimbiwa kwa umbali wa takriban kilomita 40 hadi 160 kwa siku moja. Njia hugawanywa katika mizunguko, na mwisho wa kila mzunguko madaktari wa mifugo humkagua farasi: mapigo ya moyo, upungufu wa maji, sauti za matumbo, rangi ya ufizi, na mwendo wake anapokimbizwa mbele yao. Chini ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), mapigo yanapaswa kushuka hadi 64 kwa dakika au chini ya hapo ndani ya muda uliowekwa, la sivyo farasi huondolewa. Tevis Cup, mashindano yaliyoanza mwaka 1955 katika milima ya California, huwataka washiriki wamalize kilomita 160 ndani ya saa 24, na katika miaka mingi karibu nusu ya wanaoanza hawafiki mwisho. Kaulimbiu ya chama cha American Endurance Ride Conference, kilichoundwa Marekani mwaka 1972, ni kwamba kumaliza ndiko kushinda, na ni michache michezo mingine ambayo kanuni zake zinaupa mwili wa mnyama usemi mkubwa kiasi hicho. Sababu inayoongoza ya farasi kuondolewa ni kuchechemea. Baada yake huja matatizo ya ndani ya mwili, kama vile kuishiwa maji na chumvi. Mpangilio huo wa sababu unastahili kukumbukwa, kwa kuwa wapandaji wengi hutumia nguvu zao zote kujenga pumzi ya farasi, ilhali kinachowaangusha ni miguu.

Moyo hutangulia, mifupa hufuata

Ugumu mkubwa wa maandalizi haya ni kwamba sehemu za mwili wa farasi haziimariki kwa kasi moja. Moyo na damu ndivyo vinavyoitika upesi. Farasi ana wengu mkubwa unaohifadhi chembe nyekundu za damu na kuzimwaga katika mzunguko pindi anapoanza kazi nzito, kwa hiyo uwezo wake wa kubeba oksijeni ni mkubwa tangu mwanzo. Mazoezi ya wiki chache tu huongeza ujazo wa damu, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndani ya miezi mitatu hivi mwenye farasi huona mabadiliko ya wazi kabisa. Misuli huchukua muda zaidi, kati ya miezi mitatu na sita, kwa sababu inapaswa kujenga mishipa midogo ya damu na uwezo wa kuchoma mafuta ili glikojeni, ambayo ni akiba ndogo ya sukari ndani ya misuli, isimalizike njiani.

Kano, zinazounga misuli na mifupa, na ligamenti, zinazounga mfupa na mfupa, ni habari nyingine. Tishu hizi hupata damu kidogo, hubadilika polepole mno, na kano za farasi aliyekwisha kukomaa hazina uwezo mkubwa wa kujiimarisha. Kinachowezekana zaidi ni kuzizoesha mzigo bila kuzichosha kupita kiasi. Farasi anapokimbia shoti, yaani mbio za kasi kubwa, kiini cha kano kubwa ya nyuma ya mguu wa mbele kinaweza kufikia joto la takriban nyuzi 45 za Selsiasi, joto linalodhuru chembe hai zikikaa humo muda mrefu. Kwa hiyo wataalamu wengi huzungumzia miezi sita hadi mwaka mzima kabla ya kuziamini kano kwa kazi ndefu ya kasi.

Mifupa inahitaji maelezo ya pekee, maana hapa ndipo dhana ya «kilomita nyingi za polepole» inapohitaji kurekebishwa. Mfupa unaopewa mzigo mpya huanza kwa kuondoa tishu ya zamani kabla ya kuweka mpya, hivyo katika miezi ya mwanzo kuna kipindi ambapo mfupa, hasa wa farasi kijana, huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi. Isitoshe, mfupa hujengwa na mizigo mifupi yenye nguvu kuliko na mwendo mrefu wa upole. Hatua chache za kasi kwenye ardhi nzuri, mara moja moja, huueleza mfupa kile ambacho kilomita nyingi za kutembea haziwezi kuueleza. Mwendo wa polepole unabaki kuwa msingi, lakini farasi ambaye kwa miaka miwili hajawahi kukimbia hata mita 200 kwa kasi amejengwa moyo na misuli huku mifupa yake ikibaki haijui kazi inayoingojea. Kwato nazo hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa kwato anaoukanyagia farasi leo ulianza kuota juu kabisa karibu mwaka mmoja uliopita, pamoja na athari za chakula na ugonjwa wa wakati ule.

Ukiviweka vipindi hivi pamoja, unaona mahali pa hatari. Katika mwezi wa nne au wa tano farasi anavuta hatamu, mapigo yake yanashuka haraka, anarudi kutoka matembezini akitaka zaidi. Kila kipimo anachotumia mpandaji kinasema tayari. Kano na mifupa, ambazo hazina sauti wala mapigo, bado ziko nyuma kwa miezi mingi. Majeraha mengi ya msimu wa kwanza yanatokea katika pengo hili, na kwa maoni yangu hakuna ujuzi wenye thamani zaidi katika kazi hii kuliko ule wa kumzuia farasi ambaye mwili wake wote unaonekana kusema twende.

Tofauti kati ya farasi na farasi

Tofauti ya kwanza ni umri. Sehemu za ukuaji katika mifupa ya miguu hufunga mapema, nyingi zikiwa zimefunga kufikia umri wa miaka miwili na nusu hivi, lakini zile za uti wa mgongo, mahali tandiko linapokaa, zinaweza kuendelea hadi baada ya miaka mitano. Ndiyo maana American Endurance Ride Conference hairuhusu farasi wa chini ya miezi 60 kuingia katika mashindano ya maili 50, yaani kilomita 80, na FEI hudai umri wa angalau miaka 8 kwa mashindano yake ya kilomita 160. Kanuni hizo zinataja kiwango cha chini kabisa. Farasi wa miaka mitano aliyechelewa kukua hapaswi kusukumwa kwa sababu tu karatasi zake zinamruhusu.

Ya pili ni historia. Farasi aliyestaafu kutoka mbio fupi za uwanjani huja na moyo mkubwa na mifupa iliyokwisha kuzoea kasi, lakini pia huenda ana kano zilizowahi kujeruhiwa, na akilini amefundishwa kwamba farasi aliye mbele ni wa kupitwa. Huyo hahitaji kufundishwa kukimbia. Anahitaji miezi ya kujifunza kwenda taratibu, kunywa maji njiani na kutulia wenzake wanapomwacha. Kinyume chake, farasi aliyekulia kwenye malisho mapana yenye mawe na miteremko ana kwato ngumu na hatua ya uhakika ambazo mwenzake aliyelelewa bandani atazitafuta kwa mwaka mzima. Farasi aliyewahi kushindana akapumzishwa naye ana njia yake: mapumziko ya wiki nne hivi hayapunguzi sana uwezo wa moyo wake, ila baada ya miezi mingi ya kukaa, miguu inapaswa kuanzishwa upya hata kama pumzi inarudi haraka.

Kisha kuna umbo. Farasi wa Kiarabu hutawala mchezo huu kwa sababu zinazoeleweka: ana kiwango kikubwa cha nyuzi za misuli zinazojikunja polepole, zinazofanya kazi kwa oksijeni bila kuchoka upesi, na mwili mwembamba wenye ngozi nyembamba hupoteza joto kwa urahisi. Farasi mwenye misuli mizito, kama wengi wa mbegu ya Kimarekani ya Quarter Horse, anazalisha joto jingi na kulitoa kwa shida zaidi. Anaweza kumaliza kilomita 80 kwa heshima akiandaliwa kwa uvumilivu, lakini mwendo wake wa kusafiri utakuwa wa chini, na mpandaji anayemlinganisha na farasi wa Kiarabu aliye mbele yake anamtendea vibaya.

Tabia ndiyo tofauti inayosomwa vibaya kuliko zote. Farasi ni mnyama anayewindwa. Maumbile yamemfundisha kuficha udhaifu, na akiwa katika kundi linalokwenda mbele ataendelea hadi mwili ukatae. Yule mwenye joto la damu, anayecheza na lijamu na kutokwa jasho kabla hata hajaanza, huonekana ana nguvu zisizoisha, kumbe sehemu kubwa ya nguvu hizo inapotea katika wasiwasi. Kumwongezea kilomita ili «achoke atulie» huleta farasi mwenye nguvu zaidi na wasiwasi uleule. Dawa yake ni kazi ya polepole, mara nyingi akiwa peke yake, mpaka mapigo yake ya mwendo wa hatua, yaani wa kutembea, yawe kweli ya mwendo wa hatua. Farasi mzito wa hiari naye husingiziwa uvivu. Kabla ya kumchapa kisigino, mpandaji anapaswa kujiuliza kama tandiko linambana, kama meno yanamsumbua, au kama kazi ya juzi ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Farasi asiyependa kujisukuma, akiwa mzima, mara nyingi ni mshindani mzuri wa masafa marefu, kwa kuwa anajitunzia akiba bila kufundishwa.

Kipimo ni jinsi anavyorudi

Kwa kuwa farasi hasemi, na kwa kuwa shauku yake hudanganya, kipimo cha kutegemewa zaidi ni mapigo ya moyo, hasa namna yanavyoshuka baada ya kazi. Stetoskopu huwekwa nyuma ya kiwiko cha mguu wa kushoto wa mbele, mapigo yakahesabiwa kwa sekunde 15 na kuzidishwa kwa 4. Farasi mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika, na kila mmoja ana namba yake ndani ya upeo huo. Hiyo namba yake ndiyo unayoitafuta, kwa kumpima asubuhi akiwa ametulia, siku baada ya siku, mpaka uijue. Ikipanda ghafla kwa mapigo kadhaa bila sababu, kuna jambo: maumivu, homa inayokuja, au uchovu ambao haujaisha.

Akiwa kazini, mazoezi ya msingi hufanyika zaidi mapigo yakiwa kati ya 120 na 150. Yakipanda zaidi, mahali fulani kati ya 150 na 180 kutegemea farasi, misuli huanza kukusanya lakteti, zao la kazi nzito ya misuli, haraka kuliko mwili unavyoweza kuiondoa, na kazi hiyo haiwezi kuendelezwa kwa saa nyingi. Kiwango cha juu kabisa, ambacho kwa farasi wengi ni takriban 220 hadi 240, hakibadiliki kwa mazoezi. Kinachobadilika ni kasi anayoweza kwenda mapigo yakiwa yaleyale, na hilo ndilo tafsiri ya kweli ya kuimarika kwake.

Baada ya kazi, farasi aliyefanya kiasi kinachomfaa hushuka chini ya 64 ndani ya dakika 10 hivi. Akibaki juu ya hapo kwa dakika 20 au 30, kazi ya siku hiyo ilizidi uwezo wake, hata kama alimaliza akiwa amesimamisha masikio. Kuna jaribio rahisi linaloitwa kwa jina la daktari wa mifugo Kerry Ridgway: mapigo yakishashuka, hupimwa, kisha farasi hukimbizwa kwa mkono kwa mwendo wa matiti (kasi ya kati ya hatua na shoti, miguu ikienda kwa jozi za mshazari) mita 38 kwenda na 38 kurudi, na dakika moja kamili baada ya kuanza kukimbia hupimwa tena. Namba ya pili ikiwa sawa na ya kwanza au chini yake, mwili bado una akiba. Ikizidi kwa mapigo 4 au zaidi, moyo unalipa deni fulani, na mara nyingi deni hilo ni uchovu, upungufu wa maji au maumivu ambayo bado hayajaonekana katika mwendo.

Namba moja peke yake haina maana kubwa. Daftari lina maana. Chukua farasi ambaye kwenye njia ileile ya kilomita 15, kwa kasi ileile, hushuka hadi 60 kwa dakika tano. Wiki mbili baadaye anachukua dakika kumi na mbili. Kama siku ilikuwa ya joto kali, huenda hilo ndilo jibu. Kama hali ya hewa haikubadilika, kwato zikaguliwe, mgongo ubonyezwe kwa vidole kutoka mabegani hadi kiunoni, miguu ishikwe kutafuta joto, na kazi ipunguzwe mpaka sababu ijulikane. Moyo huzungumza kabla ya mguu kuchechemea, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na asiyeandika hawezi kusikia.

Kuongeza, na kuacha kuongeza

Farasi anayeanza anaweza kutoka mara tatu au nne kwa wiki, kilomita 8 hadi 10, akichanganya mwendo wa hatua na wa matiti, kwa miezi mitatu ya mwanzo au zaidi ikiwa ni kijana. Kisha mzigo huongezwa, na hapa kuna sheria moja ambayo sijaona sababu nzuri ya kuivunja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Umbali, kasi, milima na ugumu wa ardhi ni mizigo minne tofauti. Anayeongeza umbali na kasi katika wiki moja, farasi akidhoofika, hatajua ni kipi kilichomdhuru. Kuongeza sehemu moja ya kumi kwa wiki ni kiasi cha busara, na kila wiki ya tatu au ya nne kazi ishushwe ili tishu zinazochelewa zipate kufikia zile zilizotangulia.

Mzigo upi uongezwe hutegemea farasi. Mwenye pumzi nzuri na miguu ya mashaka hufaidika na milima inayopandwa kwa hatua, kwa kuwa mapigo hupanda bila miguu kugongwa kwenye ardhi. Kushuka mlima, kwa upande wake, huibebesha miguu ya mbele uzito mwingi, na kufundishwe polepole kama somo la peke yake. Mwenye miguu imara na moyo unaochelewa kushuka anahitaji muda mrefu zaidi wa mwendo wa kati usiobadilika. Vipindi vifupi vya shoti vinavyorudiwa viachwe kwa farasi mwenye angalau mwaka mmoja wa msingi na lengo linalovihitaji.

Mapumziko ni sehemu ya kazi. Baada ya safari ndefu, misuli ya farasi huchukua saa 48 hadi 72 kurudisha glikojeni, muda mrefu kuliko wa mwanadamu, kwa hiyo kazi nzito mbili zikifuatana kila siku humkuta akiwa na akiba nusu. Anayejiandaa kwa kilomita 80 hahitaji kukimbia kilomita 80 nyumbani; safari ya kilomita 30 hadi 40 mara moja kila wiki mbili, pamoja na kazi nyepesi katikati, humtosha farasi mwenye msingi. Farasi wengi hufika mashindanoni wakiwa wamefanyishwa kazi kupita kiasi katika wiki mbili za mwisho, wakati ambapo hakuna kazi mpya inayoweza tena kuwasaidia.

Joto linahitaji hesabu yake. Kati ya nguvu zote zinazotolewa na misuli, takriban robo tatu au zaidi hugeuka kuwa joto, na farasi hulitoa hasa kwa jasho, lita 10 hadi 15 kwa saa katika hali ngumu. Jasho lake lina sodiamu, kloridi na potasiamu nyingi kiasi kwamba damu inayobaki haiongezeki chumvi, na ubongo haupati ishara ya kiu. Hivyo farasi aliyepungukiwa maji vibaya anaweza kuyapita maji bila hata kuyatazama. Kunywa kila penye maji ni tabia inayofundishwa mazoezini kwa kusimama na kusubiri, na kipimo cha chumvi za ziada kijaribiwe nyumbani, tena zitolewe pale tu farasi anapokunywa. Kuzoea joto huchukua wiki mbili hadi tatu, na anayetoka penye baridi asitarajiwe kufanya kasi yake ya kawaida siku ya kwanza.

Kuhusu unene, uchunguzi uliofanywa kwa farasi wa Tevis Cup katika miaka ya 1990 uligundua kwamba hali ya mwili ya farasi ilihusiana zaidi na kumaliza kuliko uzito wa mpandaji. Farasi anayeonyesha mbavu kupita kiasi hana akiba ya kuchoma. Mgongo hubadilika umbo kadiri misuli inavyojengeka, kwa hiyo tandiko lililomkaa vizuri mwanzoni mwa mwaka likaguliwe tena katikati yake. Mpandaji naye abadilishe upande anaponyanyuka katika mwendo wa matiti, maana kukaa upande uleule kwa kilomita nyingi huchosha jozi moja ya miguu kuliko nyingine.

Mashindano ya kwanza yawe mafupi, kwa kasi ileile ya mazoezini, na matokeo yake yasomwe kama mazoezi yanavyosomwa: ulinganishe dakika alizochukua kushuka katika ukaguzi wa kwanza na zile za ukaguzi wa mwisho. Zikikaribiana, akala na kunywa jioni ileile, na miguu ikawa baridi asubuhi, umbali huo uko ndani ya uwezo wake. Wapandaji wengi humpa siku moja ya mapumziko kwa kila kilomita 16 alizoshindana, na mwenye farasi kijana anaweza kuongeza. Dakika za mwisho zikiwa zimerefuka sana, abaki kwenye umbali huohuo msimu mzima, hata msimu wa pili, mpaka daftari liseme vingine. Wapo farasi ambao daftari lao halitafika kilomita 160 kamwe, na wanaweza kukimbia 40 au 80 kwa miaka mingi wakiwa na miguu mizima.